Besi Isiyonyamaza

SEHEMU YA KWANZA: Mgeni wa Cambridge

Kijana yule alikuwa mfupi, lafudhi yake ya Glasgow iliwatoa jasho Waingereza, na hakuna aliyekuwa amemwalika jukwaani.

Ilikuwa mwaka 1962, mjini Cambridge, usiku wa sherehe ya wanafunzi. Bendi ya jazi ilikuwa kazini. Dick Heckstall-Smith alikuwa akipuliza saksafoni, na nyuma yake kwenye dramu aliketi Ginger Baker, mtu mrefu mwenye nywele nyekundu na hasira za karibu. Kijana akawaendea akaomba apige nao besi. Wakamkatalia. Akaomba tena.

Wanamuziki wanaujua ugonjwa huo, maana kila ukumbi una mtu anayeamini kwamba angepiga vizuri kuliko walio jukwaani. Dawa yake nayo wanaijua. Unampandisha, unamchagulia kibao kigumu, na muda si muda anashuka mwenyewe kichwa chini.

Basi wakampandisha. Wakachagua kibao kigumu. Kijana hakushuka.

Alikipiga chote kama mtu aliyezaliwa nacho, kisha akaondoka zake kabla hawajapata nafasi ya kumshika vizuri. Heckstall-Smith ndiye aliyekwenda kumsaka hadi akampata. Jina lake aliitwa Jack Bruce, mzaliwa wa Bishopbriggs, pembezoni mwa Glasgow, tarehe 14 Mei 1943. Wazazi wake walihamahama hadi wakavuka bahari kwenda Canada na Marekani, na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba alipita shule 14. Alipata ufadhili wa kusomea selo na utunzi katika chuo cha muziki cha Glasgow. Mchana alikuwa na Bach, na usiku alipiga besi kwenye bendi ya jazi ili apate pesa ya kujikimu. Chuo kilipogundua kikamwambia achague. Akachagua usiku.

Sasa akaingizwa Blues Incorporated, bendi ya Alexis Korner iliyokuwa shule ya bluzi mjini London. Baker naye alikuwemo, kwenye kiti alichokiacha Charlie Watts, yule aliyekwenda kuwa wa Rolling Stones. Mapema mwaka 1963 mpiga ogani wao, Graham Bond, alimwendea Korner akamwambia kwamba anaondoka na Bruce na Baker. Wenyewe hakuwa amewauliza. Wakajikuta wote watatu kwenye bendi mpya.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Besi katika bendi ni kama msingi wa nyumba: hushika noti za chini, hufungamana na teke la dramu, na msikilizaji haikumbuki mpaka siku itakapoondolewa. Lakini Bruce alikuwa ametoka kwa Bach, ambako sauti ya chini nayo ina wimbo wake. Hata alipoacha besi kubwa ya mbao akashika gita la besi, baada ya kulihitaji kwenye kazi ya studio na Mjamaika Ernest Ranglin, hakupunguza maneno. Baker alitaka msingi. Alichopata ni jirani aliyekuwa akijenga ghorofa yake mwenyewe.

Usiku mmoja huko Golders Green, kaskazini mwa London, Baker alikuwa katikati ya solo yake ya dramu na besi haikutaka kunyamaza. Akarusha kijiti. Kikamgonga Bruce kichwani. Bruce akainua besi kubwa ya mbao, akaitupa juu ya dramu, na wawili hao wakavaana palepale mbele ya watu.

Bendi iliendelea hivyohivyo hadi mwaka 1965. Bond alikuwa amezama kwenye dawa za kulevya, uendeshaji ukawa mikononi mwa Baker, na Baker akamfukuza Bruce. Bruce hakumtambua mfukuzaji. Akawa anakuja kazini kama kawaida, anapanda, anapiga.

Mpaka siku aliyomkuta Baker akimsubiri. Mkononi safari hii hakuwa na kijiti. Alikuwa na kisu.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA PILI: Sharti la abiria

ILIPOISHIA: Bruce amefukuzwa na amekataa kufukuzika. Baker amemkabili na kisu.

SASA ENDELEA...

Kisu hakikuzama mwilini. Baker alimweleza tu kitakapoingia iwapo atakanyaga tena kwenye bendi ile, na maelezo yakatosha. Bruce akaondoka. Alikuwa na umri wa miaka 22, ana mke, hana kazi.

Akapokewa na John Mayall, mzee wa bluzi aliyekuwa na desturi ya kubadilisha wapigaji kama mtu anayebadilisha mashati. Mpiga gita wa Mayall alikuwa amejiendea zake Ugiriki. Aliporudi, akakuta besi mpya imeshika nafasi. Mpiga gita huyo ni Eric Clapton, mwenye miaka 20, aliyekuwa akiabudiwa na vijana wa London.

Walipiga pamoja kwa majuma machache tu, lakini yalitosha kumfungua Clapton masikio. Wapiga besi aliowazoea walimtandikia mkeka naye akacheza juu yake. Huyu alikuwa akimjibu. Akipandisha gita, besi inamuuliza anakwenda wapi. Akitua, besi imeshafika inamngoja.

Kisha likaja jambo lisilo la muziki, yaani mshahara. Manfred Mann walimtaka Bruce, na hiyo ilikuwa bendi ya nyimbo za redioni yenye pesa ya uhakika. Bruce akaenda. Mayall aliudhika kiasi kwamba yeye na Clapton walitunga bluzi ya kulalamikia usaliti huo. Inaitwa "Double Crossing Time", na imo kwenye albamu yao ya mwaka 1966.

Ndani ya Manfred Mann mambo yalikuwa ya ajabu yake. Kiongozi mwenyewe, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mtu wa jazi kama Bruce. Lakini kilicholipa mishahara ni nyimbo fupi za kuimbika, zenye besi iliyotulia kama mtoto kanisani. Mei 1966 wimbo wao "Pretty Flamingo" ulishika namba moja Uingereza. Kijana aliyefukuzwa kwa kupiga noti nyingi mno alikuwa kileleni kwa kupiga chache.

Wakati huohuo, Ginger Baker alikuwa amechoka. Bond alikuwa akizidi kuzama, na Baker alitaka bendi yake. Akaenda Oxford kumsikiliza Clapton akipiga na Mayall. Baada ya onyesho akampa lifti ya kurudi London ndani ya gari lake jipya aina ya Rover.

Njiani akatoboa neno: waanzishe bendi. Clapton alikubali hapohapo, kwa sharti moja. Mpiga besi awe Jack Bruce.

Gari likayumba. Baker alikaribia kuliacha barabara.

Clapton hakujua kisa chote cha kisu. Alichojua ni kile masikio yake yaliyokula kwa Mayall. Baker alikuwa na njia mbili: ampoteze Clapton, au akapige hodi kwa mtu aliyemwahidi kumchoma.

Siku chache baadaye, alikuwa amesimama mlangoni kwa Bruce.

*Je, Bruce atafungua? Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA TATU: Malai

ILIPOISHIA: Clapton ameweka sharti. Baker anapiga hodi kwa adui yake.

SASA ENDELEA...

Bruce alifungua.

Mazoezi ya kwanza yalifanyika nyumbani kwa Baker, Neasden, na haukupita muda wawili hao wakaanza kugombana. Clapton akawatazama, na huenda ndipo alipofahamu amejitia wapi. Wahenga wamesema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikuwa wanaingia la tatu.

Juni 1966 gazeti la Melody Maker likatoboa siri huku Bruce akiwa bado wa Manfred Mann na Clapton akiwa bado wa Mayall. Waajiri wote wawili hawakufurahi. Tarehe 29 Julai wakapanda jukwaani kwa mara ya kwanza Manchester, katika klabu ya Twisted Wheel, na siku mbili baadaye kwenye tamasha la Windsor. Walijiita Cream, yaani malai, kile kinachoelea juu ya maziwa. Jina la majivuno, ila hakuna aliyebisha.

Tazama sasa hesabu ya bendi hiyo. Hakuna ogani. Hakuna saksafoni. Gita moja, besi moja, dramu. Clapton anapoingia kwenye solo, nyuma yake panabaki uwazi mkubwa, na uwazi huo ndio Bruce aliokuwa akiutafuta maisha yake yote. Kosa lililomfukuzisha kwa Bond likageuka nguzo ya kazi. Juu ya hayo, yeye ndiye aliyeimba sehemu kubwa ya nyimbo.

Januari 1967 alikwenda Saville Theatre, London, kumtazama Jimi Hendrix. Akarudi nyumbani na moto kifuani, akashika besi yake kubwa ya mbao, na mkononi mwake kikazaliwa kipande kifupi kinachoshuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Alikuwa amekesha na mshairi Pete Brown na maneno yamegoma. Alfajiri ikakaribia. Brown akatazama dirishani, akaandika alichokiona. Huo ndio mwanzo wa "Sunshine of Your Love". Waliurekodi New York Mei 1967 kwa ajili ya albamu ya Disraeli Gears, na hadi leo mtu anayejifunza gita hafiki mbali kabla hajakutana nao. Utazame vizuri: wimbo unaojulikana kwa gita lake ulitungwa kwenye besi.

Hapo pia pakaingia sumu mpya. Mapato ya utunzi yalikwenda kwa walioandikwa watunzi, ambao mara nyingi walikuwa Bruce na Brown. Baker aliona dramu zake zimenyimwa haki, na manung'uniko hayo aliyabeba hadi uzeeni.

Marekani ikawafungulia milango. Albamu ya Wheels of Fire ilishika namba moja huko mwaka 1968. Lakini kadiri kumbi zilivyokua ndivyo vikuza sauti vilivyopandishwa, spika juu ya spika, na Baker hana kitufe cha kuongeza sauti kwenye dramu. Alilalamika kwamba Bruce anamuua masikio. Bruce hakupunguza.

Usiku mmoja, katikati ya kelele hizo, Clapton aliacha kupiga gita kabisa. Akasimama tu jukwaani, akisikiliza. Wenzake wawili waliendelea kushindana, na hakuna aliyegundua.

Tarehe 26 Novemba 1968 wakaaga Royal Albert Hall, London. Cream ilikuwa imeishi miaka miwili na miezi minne.

Bruce alikuwa na miaka 25, ana jina, ana pesa. Kila mtu alingoja aunde Cream ya pili. Yeye akachagua njia nyingine, na njia hiyo ilimpitisha mahali palipomkaribisha kaburini kuliko kisu chochote cha Baker.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA NNE: Viti vya watu

ILIPOISHIA: Cream imekufa. Bruce yuko njia panda.

SASA ENDELEA...

Kumbe njia alishaichagua kabla Cream haijazikwa. Agosti 1968, bendi ikiwa bado hai, aliingia studio kimyakimya akarekodi albamu ya jazi tupu, Things We Like. Alimwita Heckstall-Smith, yule wa Cambridge. Akamwita pia John McLaughlin, mpiga gita aliyekuwa naye kwa Bond, ambaye wakati huo alikuwa akihangaikia nauli ya ndege ya kwenda Marekani.

Nauli ilipatikana. McLaughlin akatua New York kwa Tony Williams, fundi wa dramu aliyepiga na Miles Davis tangu akiwa na miaka 17. Bendi yao iliitwa Lifetime, na mwaka 1970 wakamchukua Bruce. Mtu aliyejaza kumbi kubwa za Marekani sasa alikuwa akipiga kwenye kumbi ndogo, ndani ya muziki uliowatisha wa jazi kwa kelele za roki, na wa roki kwa hesabu za jazi. Albamu aliyoshiriki, Turn It Over, haikupata soko. Wakati huohuo Baker alikuwa ameshika njia ya Lagos, akapiga na Fela Kuti. Waliokuwa wakipigania jukwaa moja sasa walitenganishwa na bahari.

Mwaka 1972 kikaja kiti cha ajabu zaidi. Felix Pappalardi, mtayarishaji wa Cream, alikuwa ameanzisha bendi ya Mountain pamoja na mpiga gita Leslie West, na sauti yao ilikuwa mtoto halali wa Cream. Hata mojawapo ya nyimbo zao zilizopendwa ilikuwa ya Bruce na Brown. Pappalardi alipojitoa, West na mpiga dramu Corky Laing wakahitaji mpiga besi. Wakamchukua Bruce. Yaani aliyeigwa akaajiriwa na walioiga.

West, Bruce and Laing walipata mkataba mnono na albamu mbili za studio. Walipata na heroini pia. Bruce hakuwahi kuficha hilo baadaye: unga ulimkamata, ukala pesa, ukala miaka. Bendi ikavunjika kabla ya mwaka 1974 kuanza vizuri.

Kilichofuata ni orodha inayochanganya kichwa. Mwaka 1975 aliunda bendi na Mick Taylor aliyetoka Rolling Stones na Carla Bley wa jazi huru kwenye kinanda, mchanganyiko uliosambaratika mwaka huohuo. Mwaka 1980 alikuwa na Billy Cobham kwenye dramu. Miaka ya 1981 na 1982 alitoa albamu na Robin Trower. Mwaka 1994 akasimama tena mbele ya Baker, na safari hii mpiga gita alikuwa Gary Moore wa Belfast. BBM ilitoa albamu moja, mafahali wakakumbukana, kwisha. Mwaka 1997 alikuwa kwenye bendi ya Ringo Starr, akisindikiza nyimbo za Beatles kwa besi iliyowahi kumshinda Ginger Baker.

Msomaji anaweza kuuliza: mtu huyu alikuwa akitafuta nini? Angalia wapiga dramu aliowafuata. Williams, Cobham, Hiseman aliyepiga kwenye Things We Like. Kila mmoja ni mtu asiyekubali kukaa nyuma. Mikataba ilibadilika, mitindo ikabadilika, lakini Bruce alikuwa akimsaka mtu mmoja: wa kubishana naye.

Mwaka 2003 mwili ukadai deni. Madaktari walikuta saratani ya ini. Akapandikizwa ini jingine, na kwa muda familia ikapumua.

Kisha mwili ukaanza kulikataa.

*Itaendelea Jumamosi ijayo. Usikose sehemu ya mwisho.*

SEHEMU YA MWISHO: Golders Green

ILIPOISHIA: Bruce yuko hospitalini. Ini jipya linakataliwa na mwili.

SASA ENDELEA...

Alipita karibu sana na mauti, lakini alipita. Alitoka hospitalini akiwa amekonda, na akalazimika kujenga upya nguvu za kusimama na gita begani.

Safari hii aliyeanza kuwatafuta wenzake alikuwa Clapton. Bruce alikuwa ametoka kwenye mlango wa kaburi. Baker alikuwa akiteswa na baridi yabisi, maradhi mabaya kwa mtu anayekula kwa mikono. Kama hawakupiga sasa, hawangepiga tena.

Mei 2005 wakarudi Royal Albert Hall, palepale walipoagana, kwa maonyesho manne. Tiketi zilikwisha upesi. Waliingia wazee watatu wenye umri wa miaka 60 kwenda juu. Pembeni ya Bruce palikuwa na kiti kirefu cha kumsaidia miguu ilipochoka. Vikuza sauti vilikuwa vidogo kuliko vya zamani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kila mmoja alimsikia mwenzake. Besi ilizungumza, dramu ikajibu, na Clapton aliyewahi kusahauliwa katikati yao akapata nafasi ya kusema.

Ungetamani kisa kiishie hapo. Lakini Oktoba mwaka huo wakaenda New York, Madison Square Garden, maonyesho matatu. Baker akalalamika kwamba besi iko juu mno. Maneno yakarushwa jukwaani. Ugomvi ulikuwa uleule wa Golders Green, sasa una mvi. Cream haikupiga tena pamoja.

Hukumu ya kawaida ni kwamba Bruce alikosea bendi maisha yake yote: mwanajazi kwenye popu, mwanabluzi kwenye roki, mwanafunzi wa Bach katikati ya wapiga kelele. Mimi naona kinyume. Mtu anayetafuta bendi inayomfaa hupata mahali pa kukaa, na besi ya Bruce haikuumbwa kukaa. Ilihitaji upande wa pili unaosukuma. Manfred Mann walimpa namba moja na amani, na ni wachache wanaokumbuka besi ya wimbo ule. Baker alimpa kijiti cha kichwa na kisu, na wawili hao wakatengeneza sauti ambayo kila bendi ya roki ya watu watatu imekopa kitu kwake. Bila sikio la Clapton lakini, uhasama wao ungebaki ugomvi wa vilabuni tu. Waliopatana kwa tabia hawakuhitajika pale. Alihitajika mtu aliyewasikia wakigombana akatambua kwamba ni muziki.

Bruce aliendelea kufanya kazi. Mwaka 2014 alitoa albamu ya mwisho, Silver Rails, na baadhi ya maneno yake yaliandikwa na Pete Brown, yule wa alfajiri ya mwaka 1967.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 2014 nyumbani kwake Suffolk, kwa maradhi ya ini, akiwa na miaka 71. Siku 11 baadaye watu walikusanyika kumuaga kwenye nyumba ya kuchomea maiti iliyoko kaskazini mwa London. Mtaa wenyewe ni Golders Green.

Clapton alikuwepo. Baker naye alikuwepo.

*MWISHO.*